Maji Yaliyogoma Kuoza

Mwenzangu alikuwa mtu wa kusahau kufunika. Chupa ya spiriti aliiacha wazi, ndoo ya maji ya kunywa wazi, birika la chai wazi na inzi wakifanya mkutano ukingoni, na mtu akimkumbusha alicheka na kusema, "Jamani, nimesahau tena." Watu walimpenda kwa hilo. Mimi nilifunika vyangu na vyake, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyenipenda kwa kufunika.

Tulikuwa wasaidizi wawili wa maabara katika kiwanda cha mafuta ya kupaka, Arusha, miaka ile ya ruksa, wakati neno mwekezaji lilikuwa bado jipya na watu walilitamka kwa adabu kama wanavyomtaja mkwe. Kiwanda kilikuwa cha serikali, kisha kikawa cha mtu. Mafuta ya nje yalikuwa yanaingia kupitia Namanga kwenye chupa zenye picha za wanawake wa mabega yanayong'aa, na yetu, ya kopo la plastiki lenye lebo inayobanduka, yalikaa madukani mpaka yakashika vumbi. Mwekezaji alituita uani akasema ataongeza uzalishaji, atabadilisha makopo, na atapunguza watu. Hayo mawili ya kwanza tulikuwa tumeshayapigia makofi.

Mimi ni mtoto wa Kaloleni. Kwetu kulikuwa na vyumba vya kupangisha vilivyozunguka ua mmoja, na bibi yangu, aliyeletwa bara na mumewe kutoka Pangani, ndiye aliyekuwa serikali ya ua huo. Jua likizama alipita akikagua. Mtungi una sahani juu yake? Ndoo ina mfuniko? Wali una kawa? Kama huna mfuniko, alitufundisha, taja jina la Mungu na ulaze hata kijiti juu ya chombo, maana si kila kinachoingia kwenye maji unakiona kwa macho. Wapangaji wapya walidhani anatania, mpaka walipokuta maji yao yamemwagwa. Nilikua nikiamini kwamba anayeacha maji wazi hakulelewa, amekua tu.

Mwenzangu alikua hivyo. Alitoka mlimani, juu ya Kikatiti, kwa Wameru wenye kahawa na migomba, nyumba ya Walutheri ambako watoto wote waliimba kwaya na yeye akaimba kuliko wote. Alikuja kazini akiwa na ndizi, na parachichi, na dumu la maziwa, akawagawia watu kuanzia mlinzi wa getini mpaka mhasibu. Alikuwa na yale meno ya watu wa mlimani, ya rangi ya chai, ambayo maji yetu huwapa watoto. Ninayo mimi pia, na kwa ajili hiyo nimejizoeza kucheka nikiwa nimeweka mkono mdomoni. Yeye alicheka mdomo wazi, na yakampendeza.

Nilimwonea wivu, tena si ule wivu mdogo wa kuonea mtu gauni. Niliamka nao asubuhi nikaenda nao kazini. Mimi ndiye niliyemtangulia pale, mimi ndiye niliyemfundisha kushika bomba la kupimia na kusoma alama akiwa ameinama mpaka jicho liwe sawa na maji. Hata mwaka haukuisha, mkuu wetu akawa anamwita "mwanangu." Mimi aliniita "wewe."

Mkuu wetu huyo alikuwa mwanamama wa makamo aliyesomea kemia, na kiwanda kizima kilimwita Mama. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Ungefanya kazi yako vizuri asingesema kitu, ungekosea angesema, na kwa vile mimi nilikosea mara chache sana, zilipita wiki nzima bila kusemeshwa. Mwenzangu alikosea kila siku. Kwa hiyo walizungumza kila siku, na kutokana na kuzungumza wakacheka, na kutokana na kucheka wakawa wanakunywa chai pamoja. Nilikuwa naosha vyombo vya kupimia nikiwa nimewapa mgongo, masikio yote yako kwao.

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na bwawa dogo ambamo maji ya kuoshea mapipa yalikwenda kukaa kabla ya kuachiwa kwenye kijito. Kazi ya bwawa kama hilo ni kuoza. Vijidudu vinakula mafuta na uchafu, maji yanatulia, ndipo yanaondoka. Bwawa letu liligoma kuoza. Maji yalikaa meupe kama uji mwepesi, yana harufu ya manukato, hayana chura wala mbu wala ukijani pembezoni. Mama alitueleza sababu. Katika kila kopo la mafuta tulikuwa tunatia dawa ya kuhifadhi, parabeni, ili mafuta yasiote ukungu. Dawa hiyo haijui kwamba imeshatoka kwenye kopo. Inafika bwawani inaendelea na kazi yake, inaua vile vijidudu ambavyo ndivyo tunavyovihitaji.

Kinamama waliolima mchicha kando ya kijito walikuja getini na povu kwenye ndoo. Ofisa wa maji akaja, akanusa, akasema kiwanda hakitaongeza hata pipa moja mpaka maji hayo yasafishwe. Mwekezaji alikuwa mtu wa haraka, aliyezungumza akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Alimuuliza Mama kama kuna njia isiyohitaji kuchimba bwawa jingine. Mama akasema ipo, ya mwanga.

Si mwanga huu wa kuonea. Ni miale ya urujuanimno, ile iliyo ng'ambo ya zambarau ambayo jicho haliioni, ya taa wanazowasha hospitalini kuulia vijidudu. Mama alisema ile dawa ina pete ndani yake, na kwamba miale hiyo ikiipiga pete kwa muda wa kutosha, pete inakatika kama muwa unaovunjwa gotini, na vipande vinavyobaki havina tena nguvu ya kuua. Nilimsikiliza nikiwa nimesahau hata wivu wangu. Nilipogeuka nikamwona mwenzangu naye ameachama, na Mama anamtazama yeye.

Zikapatikana taa mbili, ndefu, nyembamba. Fundi akatengeneza makasha mawili ya mbao kwenye stoo, kila kasha lina taa juu na nafasi ya sinia chini. Mama akatupa kasha moja moja. Maji ni yale yale ya bwawani, kina cha kidole, taa iwake kuanzia asubuhi mpaka tunapofunga. Kisha mwekezaji akaja na mguu wake mlangoni akasema jambo ambalo nadhani aliliona ni la kawaida tu. Maabara itabaki na msaidizi mmoja. Atakayeyasafisha maji ndiye atakayebaki na taa.

Hapo ndipo nilipopata amani. Mnaweza kunicheka, lakini kwa mara ya kwanza niliona kitu ambacho hakigawiwi kwa kucheka wala kwa ndizi. Taa haijui kuimba kwaya. Kungekuwa na sinia langu na sinia lake, na kati yetu wawili ni mmoja tu aliyewahi kuosha sinia mpaka nyuma.

Stoo ile ilikuwa na dari la zamani lililokuwa likidondosha vumbi, na kiangazi cha Arusha kinajulikana, vumbi linaingia hata kwenye yai. Siku ya kwanza tu niliona sinia la mwenzangu lina inzi anaogelea, pamoja na vipande viwili vitatu vya rangi iliyobambuka darini. Alimtoa inzi kwa kidole. Kidole! Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Jioni hiyo nilipita kwa mkata vioo wa mtaani kwetu nikamwagiza kipande cha kioo cha dirisha, kilichokatwa kwa kipimo cha sinia langu, kingo zimesuguliwa zisikate mkono. Nilikiosha kwa sabuni, nikakisuuza, nikakipangusa kwa kanga kuukuu iliyolainika. Asubuhi nikaosha sinia, nikamimina maji, nikasema Bismillahi, nikafunika. Kioo kilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kudhani hakipo. Taa ikawaka, na maji yakaonekana chini yake yametulia, hayana hata chembe ya vumbi. Nilisimama nikayatazama. Mwenzangu alikuja akasimama kando yangu, amevaa miwani yake ya jua ya mtumba aliyoinunua ili mwanga usimuumize macho, miwani mikubwa ya kike ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa kichekesho na kwake ikawa urembo.

"Dada, wewe una mkono," alisema. "Lako kama maji ya hotelini."

"Na wewe ungefunika lako, mdogo wangu."

"Ah, mimi nikifunika nitasahau kufunua." Akacheka, akaenda zake.

Wiki ile ilikwenda hivyo. Umeme ulikatika, ukarudi, sote wawili tukapoteza muda sawasawa. Mama hakuingia stoo, alisema hataki kutushikia mkono, matokeo yatasema yenyewe. Kila asubuhi niliosha kioo upya. Kila asubuhi mwenzangu aliondoa vumbi lililoelea kwenye sinia lake kwa kijiko cha chai na kuendelea kuimba.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha maziwa, maana mashine ya kupima dawa yenyewe hatukuwa nayo, na Mama alikuwa mtu wa kutumia kilichopo. Unachukua maziwa yaliyochemshwa yakapoa, unatia maji unayoyapima, unatia kijiko cha mtindi wa jana, unaacha mpaka kesho. Yakiganda, ujue vijidudu vimeishi na dawa imekufa. Yasipoganda, dawa ingali hai. Tulikuwa tumejaribu mwanzoni na maji ya bwawani kama yalivyo, na maziwa yakakaa siku baada ya siku bila kubadilika, meupe, yana harufu ya losheni. Maziwa ya kipimo yalitoka kwao mwenzangu. Hata hilo lilinichoma. Nilitamani tununue dukani, lakini ningesema kwa sababu gani?

Tulitega mabakuli yetu Alhamisi mchana, Mama akiangalia. Mwenzangu lake akaliacha wazi juu ya meza. Mama mwenyewe ndiye aliyefunika yote mawili kwa kitambaa, na moyoni nikasema, afadhali yupo mtu mzima humu.

Ijumaa asubuhi nilivaa gauni langu la Idi. Niliwahi, lakini nilimkuta Mama ameshafika, ameinama juu ya meza, na mwenzangu yuko pembeni amejishika mdomo. Bakuli lake lilikuwa limeganda. Si kuganda kwa kubahatisha. Maziwa yalikuwa yameshikamana, maji yake ya kijani yamejitenga pembeni, na ile harufu chachu ya kibuyu ilikuwa imejaa chumba kizima. Bakuli langu lilikuwa maziwa. Mama alilitikisa, likatikisika. Alilinusa akanipa na mimi ninuse, na nikasikia manukato ya kiwanda chetu, mazima kabisa, kama kopo lililofunguliwa sasa hivi.

Nilisema mtindi niliotia ulikuwa umekufa. Mama akasema wote tumeutoa kwenye kibuyu kimoja. Nikasema labda taa yangu mbovu. Tukaenda stoo, akabadilisha taa, hii huku na ile kule, zote mbili ni nzima. Basi akavuta kigoda, akaketi, akatuambia tumweleze kila mmoja alichofanya tangu anapoingia mlangoni.

Mwenzangu alimaliza haraka: anaingia, anamimina, anawasha. Mimi nilieleza vizuri. Nilieleza sabuni, nilieleza kusuuza, nilieleza kina cha kidole, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba ndani ya maelezo yake hakuna pa kuingiza hata sindano. "Halafu nafunika," nikasema, "halafu nawasha."

"Unafunika?"

"Kwa kioo, Mama. Mwanga unapita."

Mama aliinuka kigodani. Alikichukua kioo changu mahali nilipokisimamisha, akawasha taa, akaingiza mkono wa koti lake jeupe chini yake. Koti lile lilifuliwa kwa sabuni ya unga, ile yenye dawa ya kung'arisha inayowaka ikipigwa na miale hiyo, na chini ya taa likawaka rangi ya buluu, rangi kali isiyo ya kitambaa, tukashangaa sote. Kisha akapitisha kioo katikati ya taa na mkono. Buluu ikazimika. Akakiondoa, ikawaka. Akakirudisha, ikazimika. Mimi bado nilikuwa nauona mkono wake vizuri kabisa kupitia kioo, kila uzi wa koti, na saa yake, na mishipa.

"Huu unaouona unapita," Mama alisema. "Ule unaofanya kazi ndio unaobaki juu. Hakuna kioo cha dirisha kinachoupitisha."

Wiki nzima nilikuwa nimeyafunika maji yasiingiwe na kitu nisichokiona, na nikafaulu. Mwenzangu hakujua hivyo, hakukisia, hakusoma mahali. Hakufunika kwa sababu hafuniki. Ningeweza kuvumilia kushindwa na mtu aliyenizidi akili, au aliyenizidi bidii, ingawa sijui angetoka wapi. Huyu alinishinda kwa uzembe, uzembe ule ule niliokuwa nikimfichia kwa kumfungia chupa zake. Nilimtazama na inzi wake na kijiko chake cha chai.

Mama alisema kosa ni dogo. Alisema tena kwamba bila masinia mawili tusingelijua, na kwamba nikipewa wiki nyingine, sinia likiwa wazi, maji yangu yatasafika kama ya mwenzangu. Nilishika maneno hayo. Aliyasema tena mchana mwekezaji alipofika, na safari hii mguu wake wa pili uliingia ndani kwa sababu ya harufu ya maziwa. Alisikiliza. Alitazama mkono wa koti ukiwaka na kuzimika, akataka arudiwe. Kisha akasema wiki nyingine hana, ofisa wa maji anakuja Jumatatu.

Akamgeukia mwenzangu. "Wewe ulijuaje usifunike?"

Nataka nieleze vizuri nilichokuwa nikikitaka wakati ule, maana ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Sikuwa naomba nipewe mimi. Nilikuwa nimeshaona kwamba sipewi. Niliomba adanganye. Ilikuwa rahisi mno, angesema tu, nilifikiri kioo kitazuia, na yule bwana angetikisa kichwa, na sisi watatu tungejua ni uongo. Ningekuwa na kitu cha kubeba mpaka Kaloleni. Ningemdharau kwa uhalali, mchana kweupe, maisha yangu yote.

"Sikujua," alisema. "Mimi huwa nasahau tu kufunika. Dada ndiye anayefunika, hata vya kwangu." Kisha akaongeza, bila kuulizwa, "Abaki yeye. Mimi kwetu kuna shamba."

Mwekezaji akacheka. Alicheka kwa kumpenda, kama walivyomcheka wote, na akasema mtu mkweli ndiye anayemtaka akae na taa za hatari kama hizi. Akaniambia asante kwa kazi yangu, nipite ofisini kabla ya saa za kufunga. Mguu mmoja nje, kisha wa pili.

Mwenzangu akaanza kulia. Hakulia kidogo. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, akisema dada nisamehe, dada sikutaka, mpaka wanawake wa kujaza makopo wakaacha mashine wakaja mlangoni kuuliza amefiwa na nani. Mmoja akamshika kichwa akamlaza kifuani. Mama alikuwa akimpapasa mgongo. "Basi, mwanangu," alikuwa akisema, "basi, moyo wako mzuri, basi." Mhasibu naye akaja na leso. Nilikuwa nimesimama peke yangu karibu na mlango, nimevaa gauni la Idi, macho makavu kabisa. Mama akainua uso akanitazama.

"Wewe," akasema, "hebu mletee mwenzio maji ya kunywa."

Nikaenda, nikamletea.